Mgeni wa Kibiriti

Chitema hakubisha hodi.
Alisukuma kibiriti juu ya madaftari ya kidato cha pili
akasema, "Mwalimu, kinakwaruza."

Kilikwaruza kweli,
kama mtu anayeandika gizani kwa msumari.

Nikakifungua nusu. Harufu ya alizeti,
na nyuma ya harufu, mbawakavu
mdogo kuliko punje ya karanga,
kijani cha chupa, madoa meupe ubavuni
kana kwamba mpaka chokaa alipita na haraka zake.

"Ni yule wa mavi," akasema.
Siye. Yule husukuma tonge kinyumenyume siku nzima.
Huyu hasukumi kitu. Ukoo ni mmoja,
lakini ukoo una wachungaji, una na makarani.

"Tazama vipapasio."
Mgeni akajifanya maiti, miguu sita imekunjwa.
Tukasubiri. Hapa Mvumi kusubiri tunakujua,
mwaka huu mawingu yamepita mara nne bila kusalimu.
Kisha ncha zikafunguka: vijikurasa vitatu kila upande,
kitabu chembamba cha kusomea upepo.
"Andika, kurasa tatu."
Akaandika kiganjani.

Kitabu changu cha wadudu kililiwa na mchwa
kuanzia ukurasa wa sitini.
Kwa hiyo najua ukoo, sijui jina.

Jumamosi tukaenda shambani kwa Mama Mbeleje
kabla jua halijapasha mawe.
Walikuwa wamelala ndani ya maua,
vichwa chini, makalio juu,
wamepakwa chavua kama watoto walioiba unga.
Kumi na tisa kwenye ua moja. Nilihesabu mara mbili.

Mama Mbeleje alikuwa na bomba la dawa mgongoni.
"Wananimaliza hawa."
Tukapekua. Chavua wanakula, ndiyo.
Mmoja alikuwa ametafuna petali hadi shinani,
sikumficha.
Punje zenyewe zilikuwa nzima, zimekaa safu safu,
na nyuki walipita kando yao bila ugomvi.

"Na wanazaliwa wapi?"
"Kwenye samadi, mama. Au gogo lililooza."
Akatazama shamba, akatazama zizi lake, akacheka kwa pua.
"Basi nimewabeba mimi mwenyewe. Kwa toroli."

Tukachimbua pembeni mwa zizi.
Mabuu meupe, wamenona, wamejikunja kama ndoana.
Nikamlaza mmoja kwenye ardhi ngumu.
Akajinyoosha, akageuka chali,
akaondoka.
Chali! Miguu juu, mgongo ndio unatembea,
mawimbi madogo ya nyama kuelekea kivulini.
Chitema alicheka mpaka akakaa kwenye mavi ya ng'ombe.
"Ana miguu na haitumii!"
"Kila mtu na njia yake ya kurudi nyumbani," akasema Mama Mbeleje,
akamfukia kwa kidole gumba.

Saa nne hivi, jua lilipokolea, wakaamka.
Hapo ndipo nilipotaka Chitema atazame.
Mbawakavu wengi hufunua koti wakitaka kuruka.
Hawa hawafunui.
Mabawa hutoka chini yake, ubavuni,
kama mikono ya mtu aliyejifunika shuka anapopokea chai,
na koti linabaki limefungwa, linametameta,
na mlio ni wa nyuki, ukisikia utainamisha kichwa.

Mama Mbeleje aliinamisha.
Kisha akatua bomba chini. Hakusema ameghairi.
Alisema, "Mpaka Jumatano."

Jioni tulijaza karatasi.
Mvumi. Desemba. Juu ya alizeti.
Kurasa tatu. Huruka amevaa koti. Utoto wake hutembea chali.
"Na jina?"
Nikaacha mstari mzima, kwa penseli.

Mgeni tulimwachia dirishani.
Hakuaga. Kibiriti kipo bado kwenye kizingiti,
na ndani yake, kwenye pembe moja,
vumbi la manjano
ambalo sijataka kulifuta.